Jicho Linalotia Uzi

Mapinga nzima hapakuwa na mtu aliyejisifia jicho kama Bi Arafa. Jicho lenyewe moja, maana la kushoto lilikwishapotea tangu ujana. Hili la kulia nalo nusura limtupe mkono mwaka jana, retina, ule utando wa nyuma ya jicho, ilipoanza kubanduka, akakimbizwa mjini kupasuliwa. Madaktari walitoa ute wa ndani ya jicho, wakajaza hewa, wakamwamuru alale kifudifudi wiki nzima. Mdogo wake Samia ndiye aliyemuuguza. Ili dada asichoke kuitazama sakafu, Samia alikuwa akijilaza chali chini ya ukingo wa kitanda, wakapiga soga uso kwa uso.

Basi jicho likapona, tena kwa mbwembwe! Miezi ikapita, Arafa, mshona kofia, akajikuta anatia uzi kwenye sindano bila miwani. Miwani akaitupa kabatini, na kila aliyepita mlangoni alioneshwa sindano.

Ndipo likazuka la Samia. Siku ya harusi ya jirani, Samia alisimama ng'ambo ya barabara na mashoga zake, akampungia dada yake mkono. Arafa akamtazama, akageuka, akaenda zake.

"Umeniaibisha mbele za watu!" Samia alimjia juu jioni ile.

"Wallahi sikukuona. Hukuwepo wewe."

"Jicho litie uzi kwenye sindano, halafu likose kuniona mimi, mtu mzima na shela yangu nyekundu?"

 Moyoni Arafa aliamini mwongo ni Samia, kwa sababu jicho lake, mashallah, halikuwa na kasoro. Wakanuniana. Shikamoo ya kila asubuhi ikakatika, na ingawa Arafa alijikaza, ilimuuma hasa.

Siku ya kliniki daktari akalimulika jicho.

"Bibi, una mtoto wa jicho."

"Mtoto gani, na uzi natia?"

"Ni huyohuyo anayekufanya utie uzi bila miwani. Upasuaji ule, kwa watu wa umri wako, mara nyingi humharakisha. Tulikwambia, umesahau tu. Mwanzoni vya karibu unaviona vizuri, vya mbali vinaingia ukungu. Usiogope, tutamtoa."

Arafa hakuuliza atatolewa lini.

"Na mtu akiwa ng'ambo ya barabara?"

"Utaona mtu, sura hutaijua."

Alipotoka hapo, hakupitia kwake, alikwenda moja kwa moja kwa Samia. Samia alikuwa mlangoni, kanuna.

"Simama hapohapo, usiseme kitu," Arafa alimwambia. Akamsogelea, akamsogelea, mpaka pua zao zikakaribia kugusana.

"Hapa," akasema. "Hapa ndipo ninapokuona. Karibu hivihivi, kama ulivyokuwa ukijilaza sakafuni. Ukirudi nyuma unanipotea, mdogo wangu. Na mimi nikakudhania mwongo. Nisamehe."

Samia machozi yakamtoka. Hakurudi nyuma.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," Arafa akajibu, akimfuta machozi kwa ncha ya khanga, hata lile dogo lililokwama kando ya pua, maana yote aliyaona.