Duru za Asiyelowa

Mwaka 1990 Jovitha alikuwa na miaka ishirini na minne, akifanya kazi ya kupiga chapa katika ofisi ya mnunuzi wa mazao pale Omurushaka. Mchana aliandika hati za maharage na kahawa. Saa tisa na nusu, mwajiri wake akishaondoka kwenda kuangalia maghala, alifunga mlango wa nje, akatoa karatasi nyingine kwenye mtoto wa meza, akaanza kuandika habari za watu wanaoruka juu ya milima.

Ulikuwa mchezo wa barua. Zamani kidogo kulikuwa na jarida la picha lililokuja kwa basi kutoka Bukoba, la shujaa mmoja aliyeitwa Kimondo. Lilipofika toleo la tisa likakoma bila maelezo. Wasomaji wake waliozoea kuazimana nakala walikataa kuliacha life. Wakaanza kubuni mashujaa wao wenyewe, kila mmoja na uwezo wake, na kila mwisho wa mwezi kila mchezaji aliandika ukurasa mmoja: shujaa wake amefanya nini, amekutana na nani, amepigana na nani. Kurasa zilifika kwa Jovitha kwa mikono ya makondakta. Yeye alizipanga ziwe hadithi moja, akazipiga chapa kwa karatasi za kaboni, mara mbili, maana kaboni ilishika nakala tano tu na wachezaji walikuwa tisa. Hiyo ndiyo waliyoiita duru.

Jovitha hakuwa na shujaa. Alikuwa mwamuzi, na sheria aliziandika yeye. Shujaa wa mtu asiuawe mpaka mwenyewe akubali kwa mwandiko wake. Asiyeandika duru tatu mfululizo, shujaa wake anafutwa. Ugomvi wa mashujaa usiwe ugomvi wa wachezaji, na atakayemtukana mwenzake kwa jina lake halisi atafungiwa duru tatu. Wachezaji walimheshimu kwa sababu hakuwa na upendeleo. Aliwahi kumfungia hata binamu yake.

Mchezaji aliyeandika vizuri kuliko wote alikuwa Karekezi wa Kibingo. Wazazi wake walikuwa wametoka Rwanda kabla hajazaliwa, wakapewa shamba, wakapanda migomba na kahawa kama majirani zao. Shujaa wake aliitwa Asiyelowa. Hakuwa na nguvu za kuvunja kitu. Uwezo wake ulikuwa mmoja: maji hayakumshika. Alitembea juu ya Mto Kagera kama mtu anayekatiza uwanja wa kanisa, akavusha wagonjwa na wanaokimbizwa, akarudi na nguo kavu. Jovitha alikuwa amemwona Karekezi mara mbili tu, kijana mrefu mwenye aibu, lakini mwandiko wake aliujua kama mtu anavyoujua mwendo wa ndugu yake barabarani.

Mwezi wa sita, mchezaji wa Kimuli aitwaye Aristides alileta ukurasa wake. Shujaa wake, Nyundo, alikuwa amemvizia Asiyelowa kwenye ukingo wa mto. Hakumpiga. Alimuuliza karatasi zake za uraia ziko wapi. Asiyelowa akapekua mifuko, hana. Nyundo akamwambia, "Basi rudi kwenu kwa njia ile ile uliyojia," akamsukuma, na kwa mara ya kwanza Asiyelowa akazama mpaka kifuani.

Jovitha aliusoma ukurasa ule mara mbili. Alihisi kitu kikimkwaruza, lakini alipopitia sheria zake hakuona iliyovunjwa. Shujaa hakuuawa. Jina la mtu halikutajwa. Isitoshe, aliona ni ujanja mzuri, kumshinda mtu asiyelowa kwa swali. Akaupiga chapa.

Wiki mbili baadaye Karekezi aliandika, si ukurasa wa mchezo bali barua.

"Dada Jovitha, shikamoo. Swali aliloulizwa Asiyelowa ni langu. Niliulizwa gulioni Jumamosi moja, mbele ya watu, nikiwa na mkungu wa ndizi kichwani, na Aristides alikuwepo akicheka. Sikuombi umfukuze. Naomba ukurasa ule uufute."

Jovitha alijibu siku hiyohiyo, kwa mashine. Aliandika kwamba duru ikishatoka haifutwi, kwamba mwamuzi hawezi kuhukumu mambo ya gulioni, na kwamba mchezaji anatakiwa kutenganisha nafsi yake na shujaa wake. Alipomaliza alisoma tena, akairidhia lugha yake.

Ukurasa wa Karekezi wa mwezi wa nane haukuwa na Asiyelowa ndani yake. Ulikuwa na Aristides, kwa jina lake na la baba yake, na matusi ambayo Jovitha hakuwahi kudhani kijana yule anayajua. Safari hii sheria ilikuwa wazi. Mwishoni mwa Septemba alimwandikia: umefungiwa duru ya Septemba, ya Oktoba na ya Novemba. Akatia sahihi, na chini ya sahihi akapiga neno MWAMUZI kwa herufi kubwa.

Karekezi hakujibu.

Mwanzoni mwa Oktoba vita vilianza Rwanda, ng'ambo ya mpaka, na habari zikaanza kufika Omurushaka kwa redio na kwa midomo ya abiria. Vijana wenye asili ya Rwanda walikuwa wakitoweka vijijini. Mama anaamka, anakuta kitanda kimetandikwa. Watu walisema wanavukia Murongo kuingia Uganda, wawili wawili, kujiunga na wapiganaji. Jovitha alisikia hayo akiwa dukani akinunua sabuni, akajiambia kwamba Kibingo ni kijiji kikubwa.

Mwisho wa mwezi huo kondakta wa basi la Kyerwa alimletea bahasha. Mwandiko ulikuwa wa Karekezi. Ndani mlikuwa na ukurasa mmoja: Asiyelowa ametoka majini, anapanda mlima wenye baridi, nguo zake bado hazijakauka na hajui kwa nini. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, aliandika, "Najua nimefungiwa. Nimeandika ili nisihesabiwe kuwa niko kimya."

Jovitha alishusha pumzi. Yupo, basi. Hakuupiga chapa, maana adhabu ilikuwa bado, akauweka kwenye mtoto wa meza. Ulinuka moshi. Mwisho wa mwezi wa kumi na moja ukaja ukurasa wa pili, nao unanuka moshi. Asiyelowa alikuwa amefika mahali pasipo na mto wala kisima, ambapo uwezo wake hauna kazi. Chini, maneno yaleyale.

Wiki ya kwanza ya Desemba Aristides alifika ofisini na magunia ya kahawa ya baba yake. Alisubiri wengine watoke, akasogea karibu na mashine.

"Duru itachelewa?" aliuliza.

"Haitachelewa. Karekezi anarudi mwezi huu, adhabu imekwisha."

Aristides alimtazama. "Hukusikia?"

"Kusikia nini?"

"Karekezi amekufa, Jovitha. Huko vitani, mwisho wa mwezi wa kumi. Mwenzake amerudi ameumia mguu, ndiye aliyesema. Kwao walikaa matanga."

"Ameniandikia mwezi uliopita."

"Mwezi uliopita walikuwa kwenye msiba wake," alisema Aristides. Alivua kofia, akaivaa tena. "Mimi nilikuwa nacheza tu. Unajua nilikuwa nacheza, si ndiyo? Na wewe uliupitisha."

Ilikuwa kweli. Aliupitisha.

Tangu siku hiyo hakufanya kazi kwa amani. Katikati ya hati ya maharage vidole vyake viliandika Asiyelowa mahali pa jina la mkulima, na mwajiri akamrudishia karatasi akimuuliza kama anaumwa. Kila aliposikia honi ya basi la Kyerwa, saa nane mchana na jua likiwaka, mgongo wake ulipata baridi. Alisali. Alijiambia kwamba barua mbili zile zilicheleweshwa njiani, kwamba makondakta husahau. Maelezo hayo yalimtosha mpaka tarehe ishirini na nane Desemba, kondakta aliponyoosha mkono dirishani akampa bahasha ya tatu.

Hakuifungua pale. Aliikalia, kweli kabisa, aliiweka chini ya paja lake kwenye kiti mpaka ofisi ikafungwa. Kisha akasoma akiwa amesimama.

"Asiyelowa amekaa chini ya jiwe. Watu wanapita karibu naye hawamwoni. Anawaita kwa majina na hawageuki. Si kwamba wamemchukia. Ni kwamba hayumo tena katika habari zao." Na chini: "Adhabu yangu imekwisha. Nimeandika ili nisihesabiwe kuwa niko kimya."

Januari, Jumamosi ya kwanza, Jovitha alipanda basi la Kyerwa, akashuka njia panda, akaulizia mpaka Kibingo. Nyumba ilikuwa ndani ya migomba, na uani mama mmoja alikuwa anamenya ndizi, maganda yakidondoka kwenye jani. Alikuwa Kantengwa, mama yake Karekezi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

Jovitha alisema jina lake. Mama yule alisimamisha kisu kidogo, kisha akaendelea kumenya. "Wewe ndiye wa barua," alisema. "Mimi sisomi. Yeye alikuwa ananisomea. Nilicheka sana siku yule mtu alipovusha mbuzi mtoni, mbuzi analowa, yeye halowi." Akaita kwa sauti kuelekea jikoni, "Mukantabana! Mgeni wa kaka yako amekuja."

Aliyetoka alikuwa dada yake Karekezi, msichana wa miaka kumi na tisa hivi, mwenye kimo kilekile cha kaka yake. Alisalimia, akamchukua Jovitha nyuma ya nyumba, penye mibuni.

"Barua unaleta wewe?" Jovitha aliuliza.

"Ninampa kondakta. Kila mwisho wa mwezi."

"Nani anaziandika?"

"Aliziandika mwenyewe. Zote kwa siku moja, kabla hajaondoka. Tano. Akasema nisizipeleke pamoja, utajua kwamba hayupo. Alikuwa anaogopa utamfuta yule mtu wake wa mtoni. Alisema mpaka mwezi wa pili atakuwa amerudi, au ametuita." Mukantabana alichuma jani la mbuni, akalikunja. "Nilizificha kwenye dari la jiko, juu ya moto, mama asizione. Habari ya kifo ilipokuja sikujua nifanye nini. Nikaendelea. Alinituma."

Jovitha alihisi amepungukiwa na hofu yake yote, na mahali pake pakaingia kitu kizito zaidi. Mzimu ungekuwa nafuu. Mzimu haumwombi mtu nafasi kwa adabu, ukurasa mmoja kwa mwezi.

"Ni mimi niliyemfungia," alisema.

"Najua. Uliandika kwa herufi kubwa."

"Niambie ukweli. Aliondoka kwa ajili hiyo?"

Mukantabana alifikiri kabla ya kujibu, na Jovitha aliona kwamba hakuwa akitafuta neno la kumfariji. "Wenzake walimwita tangu Pasaka. Alikuwa anasita, anasema nina kazi zangu hapa. Barua yako ilifika Alhamisi. Alikaa nayo pale kwenye kinu, akaisoma mpaka ikakunjamana. Jumapili akaondoka. Zaidi ya hapo sijui, dada."

Mama Kantengwa aliwaita kula. Zilikuwa ndizi na maharage, na Jovitha alikula kwa sababu kukataa kungekuwa tusi. Mama hakumlaumu. Alimuuliza tu kama ni kweli kwamba yule mtu wa mtoni yuko hai bado. Jovitha akasema ndiyo, yuko hai. Mama akaitikia kwa kichwa, akamwongezea maharage.

Wakati wa kuaga Mukantabana alimsindikiza mpaka barabarani. "Zimebaki mbili," alisema. "Nikupe uondoke nazo, au niendelee kuzituma?"

Jovitha alitamani kuzichukua, yaishe. "Endelea kuzituma," alisema. "Kila mwezi, kama alivyokuagiza."

Wiki hiyo alipiga chapa duru ndefu kuliko zote. Aliweka kurasa tatu za Karekezi mwanzoni, bila kubadili hata nukta. Baada ya hizo aliandika barua kwa wachezaji wote. Alisema alikosea tangu mwezi wa sita, kwamba mtu alimwonyesha jeraha naye akamwonyesha kanuni. Alisema ukurasa wa Nyundo ulikuwa ugomvi wa watu uliovaa nguo za mchezo, na mwamuzi aliutambua akanyamaza kwa sababu ulikuwa umeandikwa vizuri. Aliufuta, ingawa alikuwa amesema duru haifutwi. Hakutia cheo chini ya jina lake.

Wachezaji wanne hawakuandika tena. Mmoja alimletea maneno makali kwamba ameingiza siasa kwenye hadithi za watoto. Aristides alikaa kimya miezi miwili, kisha akaja na gunia lake, akasema bila kumtazama kwamba alikwenda Kibingo, alikaribishwa, na mama yule alimpa kiti.

"Ulimwambia nini?" Jovitha aliuliza.

"Nilishindwa. Nilimsaidia kuchanja kuni, nikaondoka."

"Rudi tena."

"Nitarudi," alisema, na watu wa Kimuli walisema baadaye kwamba alirudi, zaidi ya mara moja.

Ukurasa wa mwisho wa Karekezi ulifika mwishoni mwa Februari. Asiyelowa alikuwa anashuka mlima kurudi mtoni, na ukurasa ulikoma akiwa bado hajafika. Hapakuwa na neno chini yake. Mwezi wa tatu hapakuwa na bahasha yoyote, na ndipo Jovitha alipolia, mezani, mbele ya mwajiri wake, naye akamruhusu aende nyumbani.

Mchezo uliendelea mwaka mmoja zaidi na watu wanne, kisha ukafa kifo cha kawaida. Wengine waliolewa, wengine walihamia Bukoba. Jovitha naye aliolewa, akapata kazi ya mashine katika ofisi nyingine, na wafanyakazi wenzake hawakujua kwamba aliwahi kuwa mwamuzi wa kitu chochote. Lakini mchana, basi la Kyerwa likipiga honi, alikuwa akisimamisha vidole juu ya mashine na kusubiri mpaka lipite. Mumewe alimuuliza mara moja anasikiliza nini. Alimwambia hakuna, ni basi tu.