Ushuhuda wa Orpa

Nimelala miji mingi, lakini woga nilioukuta mtaa wa Gulfton, hapa Houston, Marekani, niliujua tangu Urusi.

Orpa, Mkongo jirani yangu, alinigongea mlango akiwa bado na sare yake ya kutunza wazee.

"Papa Kigen, ule bwana amerudia tena."

Bwana mwenyewe alikuwa jamaa wa koti jeusi, aliyedai ni wa usalama wa serikali. Alimtaka Orpa amletee habari za majirani: nani analaza wageni, nani anasema nini. Akikataa, makaratasi ya ukaaji ya mumewe Josué yatakwama. Na asimwambie mtu.

"Josué aliteseka kambi ya wakimbizi miaka mingi. Niko na woga, Papa."

Nikamkalisha. Mimi shule niliiokota vipande vipande, na kipande kimoja nilikiokota Rostov, kule Urusi, enzi za Wasovieti. Nikamwambia polisi wa siri wa kule walianza kwa jina la Cheka, mwaka wa mapinduzi.

"Cheka? Na watu walicheka?"

"Walilia, mama. Baadaye wakawa GPU, wakawa NKVD, hao waliua watu usiseme. Nilipofika mimi walikuwa KGB, leo ni FSB. Jina wanabadilisha kama shati. Kazi ni ileile: jirani amsikilize jirani, na kila mmoja adhani ameitwa yeye peke yake."

"Na ninyi mulifanya nini?"

"Walimwita Mganda mmoja wa bweni letu. Aliporudi akasimama wakati wa chakula: 'Jamani, nimetumwa niwapeleleze. Semeni taratibu niandike vizuri.' Tulicheka mpaka supu ikapoa. Hawakumwita tena. Mpelelezi anayejulikana atawafaa nini?"

Orpa akafikiri. "Siku ya Mungu kuna ushuhuda kanisani," akasema.

Jumapili akasimama, akachukua kipaza sauti. "Bapendwa, kuna bwana ananituma niwachunguze." Akamwaga yote.

Mama Annonciata akaita kutoka nyuma: "Hata miye!"

Fidèle akaacha kinanda chake. "Na miye! Alisema ni miye peke yangu!"

Mikono ikainuka kila benchi. Vigelegele vilivyofuata, sijasikia harusi iliyovifikia.

Jumatano jamaa akaegesha gari lake mbele ya jengo letu. Milango ikafunguka juu na chini, watu wakajipanga kwenye ngazi, simu zote zikimpiga picha.

"Karibu, bwana wa usalama! Tumekuletea ripoti!" Annonciata akaita. "Fidèle anapiga kinanda mubaya!"

"Na Annonciata anaimba mubaya zaidi! Andika!"

Orpa akashuka mpaka mbele yake. "Tuonyeshe kitambulisho. Polisi tumeshawaita, wako njiani."

Jamaa akarudi garini mbio, akagonga pipa la taka, akapotea. Hatukumwona tena.

Kadi ya ukaaji ya Josué ilipofika kwa posta, mimi nilikuwa nafunga begi nihamie mji mwingine, DeSoto. Orpa akaingia ameishika juu kama kombe la mpira, akalichukua begi langu, akalisukuma chini ya kitanda.

"Leo hauendi fasi yoyote, Papa. Sombe ya majani ya muhogo iko motoni, na jengo lote linakuja."