Mafuta ya Uso ya Mektilda

Mwaka ule wa 1984 madukani Masumbwe hapakuwa na sabuni wala mafuta ya kujipaka. Kwa hiyo Mektilda, msusi wetu, alipoanza kutengeneza mafuta yake ya uso, tulimshukuru. Alinipa kikopo kimoja kabla ya ubatizo wa mtoto wa dada yangu. Nikajipaka wiki mbili. Uso ukang'aa, mume wangu Marcel akanitania kwamba ameoa upya.

Wiki hizohizo mwanangu Otmar alikuwa ametoka kuugua surua. Jua likizama tu, alianza kupapasa kuta. Jioni moja alikanyaga chungu cha uji akaungua mguu. Nikampeleka zahanati. Januari, mganga wetu, alimfunua macho akasema yanakauka. Dawa yake ni vitamini A: kidonge chekundu chenye mafuta ndani, kinakatwa ncha na kukamuliwa mdomoni.

"Lakini vimekwisha, Mama Otmar. Njoo wiki ijayo."

Nilikwenda wiki ile, na iliyofuata. Mara ya tatu jicho la kushoto lilikuwa halifumbuki kwenye mwanga. Sikumlaumu Januari. Nchi nzima ilikuwa imeishiwa, hata chumvi.

Nikirudi na Otmar mgongoni, nilipita kwa Mektilda kupumzisha mgongo. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, sufuria ya mafuta ya ng'ombe mbele yake, mkononi mkasi wa kucha. Alitoa kidonge chekundu kwenye chupa, akakata ncha, akakikamulia sufuriani. Akachukua kingine. Maganda mekundu yalikuwa yametapakaa miguuni pake.

"Nini hicho, Mektilda?"

"Vitamini, shoga. Ndiyo siri ya huo uso wako!"

"Umevipata wapi?"

"Kwa shemeji yangu Januari. Anasema vinalala tu pale, akina mama hawarudi."

"Nimerudi mara tatu."

Akaweka mkasi mkekani.

"Kikopo kimoja unatia vingapi?"

"Kumi. Wakati mwingine zaidi."

Nilishika shavu langu. Lilikuwa laini. Nikachukua ncha ya kanga nikajisugua hadi ngozi ikawaka moto.

Zipora, aliyekuwa akisubiri kusukwa, akacheka. "Taratibu, Mama Otmar, utajichubua urembo wote!"

"Na wewe umejipaka vidonge vya watoto wangapi?" nikamwuliza.

Niliichukua chupa ya vidonge. Mektilda akanidaka mkono.

"Mwizi wewe! Nitapiga yowe!"

"Piga. Waite na wote wenye watoto wa surua."

Akaniachia. Nilimshusha Otmar mgongoni, nikakata kidonge kwa mkasi uleule, nikamkamulia mdomoni. Alikunja uso kwa ile harufu ya samaki, kisha akameza. Nikayakusanya maganda yote ndani ya kanga, nikabeba chupa na mkasi, nikarudi zahanati.

Akina mama walikuwa wamejaa kwenye benchi. Niliyamwaga maganda juu ya meza ya Januari.

"Ulisema vimekwisha," nikamwambia. "Vimekwishia hapa." Nikamwonyesha uso wangu.

"Mama Otmar, twende chumba cha ndani tuzungumze. Tusiaibishane mbele za watu."

"Shika mkasi."

"Taratibu zipo, mama..."

"Shika mkasi, Januari."

Febronia alisimama na binti yake mkononi. Akafuata mwingine, na mwingine. Mmoja akaufunga mlango akauegemea. Januari alishika mkasi. Nami nilisimama pembeni nikiangalia kila kidonge kinaingia mdomo upi. Chupa iliisha kabla ya benchi. Wale wa mwisho walinitazama usoni.

Jicho la kulia la Otmar lilipona. La kushoto lina doa jeupe hadi leo. Tulipeleka malalamiko wilayani, yakapokewa vizuri sana. Baada ya miezi miwili Januari alihamishiwa zahanati nyingine, kwa watoto wengine.