Nyota Haifuliwi

Nyamizi alikwisha kushindwa mara moja kabla hajafika machimboni. Alipomaliza chuo cha maendeleo ya jamii Shinyanga mjini, alirudi kwao Kishapu akaanzisha kikundi cha kutengeneza sabuni ya mafuta ya pamba. Sabuni ile ilikataa kutoa povu. Akina mama wa pale mjini Mhunze waliinunua kwa kumhurumia, kisha wakaacha kabisa. Lakini jambo moja alilishika: povu haikuwa nalo, ila kwa kung'oa tope haikuwa na mpinzani.

"Basi niipeleke huko tope liliko," alijiambia. Mwezi uliofuata alishuka kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo upande wa Bulyanhulu, na viroba viwili vya sabuni.

Pale alimkuta Euphrasia, mjane wa makamo aliyekuwa akikamatia dhahabu kwa zebaki, mikono mitupu, vidole vikimtetemeka hata chai inamwagika. Siku tatu mfululizo Nyamizi alimweleza madhara ya zebaki. Siku ya nne mama yule akamkatiza.

"Mwanangu, nimekusikia. Zebaki inaua polepole. Njaa haina subira. Unanipa kazi gani?"

"Kufua."

Wakaanza wanawake sita, na sabuni ile, mabeseni na kamba ya kuanikia. Wiki nzima haikuja hata soksi moja. Nyamizi akamfuata Ndaki, msimamizi wa shimo kubwa kuliko yote, mtu ambaye ovaroli yake ingeweza kusimama peke yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kama ni habari ya kufua, geuza njia. Tumeukuta mwamba wenye mali. Nguo ikifuliwa, bahati inakwenda na maji. Marehemu baba aliniambia: nyota haifuliwi."

Wachimbaji wenzake wakaitikia. Nyamizi alitamani kuwaambia huo ni ushirikina mtupu. Badala yake akalitazama tope lililogandamana magotini kwa Ndaki, likimetameta juani.

"Na maji yasipokwenda popote, je?"

"Kivipi?"

"Tutaifua kwenye beseni lako peke yako. Tope likituama, nakurudishia kwenye ndoo. Nyota yako yote utaipata, mpaka punje ya mwisho."

Vijana wakaangua kicheko. "Hapo kakubana, baba!"

Ndaki akajikuna shingo, iliyojaa vipele vya jasho na vumbi, halafu akavua ovaroli pale pale, akabaki na bukta.

Kesho yake mchana Euphrasia alimkabidhi Ndaki ovaroli ya buluu, rangi ambayo mwenyewe alikuwa ameisahau, pamoja na ndoo ya tope. Ndaki akalimimina kwenye karai, akalizungusha na maji taratibu, watu wamemzingira. Chini kabisa ukabaki uzi mwembamba wa njano.

"Mayu wane, mama yangu!" alimaka. "Kumbe nimekuwa nikitembea na machimbo mwilini!"

Kabla jua halijatua, mabeseni hayakutosha.

Miezi minane baadaye wanawake walikuwa ishirini na mmoja, sabuni wakiitengeneza wenyewe, na hakuna hata mmoja aliyegusa zebaki tena. Nyamizi alifua nao kila siku, na kila siku nguo alizofua yeye zilirudishwa, makwapa bado yana tope. Hatimaye wakamwita kikaoni.

"Tumekaa, tumeamua," alisema Euphrasia. "Kufua hujui. Kuanzia leo usishike beseni."

"Mnanifukuza, mama?"

"Tunakutuma. Kinachojua kazi ni mdomo wako. Nenda ofisi ya kijiji ukatuombee bomba la maji."

Nyamizi alicheka mpaka machozi yakamtoka. Akajifunga kitenge, akapanda bodaboda. Mwenyekiti wa kijiji alimsikiliza saa nzima, akaangalia saa, akamsikiliza tena, mwisho akainua mikono na kuigonga muhuri barua ya kukubali bomba.

Vigelegele vilimpokea alipoonyesha barua. Euphrasia aliisoma neno kwa neno, akaikunja.

"Vizuri. Kesho panda basi uende machimbo ya Geita. Kuna wenzetu kule bado wanashika zebaki."

"Nibebe sabuni kiasi gani?" aliuliza Nyamizi.

"Beba yote," wakajibu kwa pamoja. "Tutatengeneza nyingine."