Ufa wa Darasa la Nne

Nianze na ukweli, maana ndiyo kazi yangu: nilikuwa namchukia Tingatinga. Jina hilo alijipa mwenyewe, mwanasiasa yule wa kupayuka, ati anabomoa ngome za wezi. Mimi gazetini nahakiki madai yake, na kila nikimnasa, picha inapigwa muhuri mwekundu: UONGO. Nilishampiga mihuri thelathini. Ilikuwa raha yangu, siwafichi.

Jumatatu akapanda jukwaani na picha ya ukuta wa shule wenye ufa wa kupitisha mkono. "Watoto wenu wanasomea kaburini!" akafoka. Kando yake mwalimu mkuu wa shule hiyo alikuwa akiitikia kwa kichwa.

Nikaitafuta picha mtandaoni. Ahaa! Iliwekwa miaka mitano iliyopita. Nilishangilia hadi chai ikanimwagikia. Sasa, utaratibu wetu ni simu mbili kabla ya muhuri: moja kwa wakubwa, moja kwa mtu aliyeko pale pale. Ofisi ya elimu ikanijibu, "Hatujui ufa wowote." Ya pili sikupiga. Ya nini, na mwizi nimemshika na kuku mkononi?

UONGO. PICHA YA ZAMANI. Hadi saa saba mchana watu laki mbili walikuwa wameisoma.

Alhamisi mhariri wetu, mama ambaye hajawahi kunipandishia sauti, akaniwekea barua mezani. Mwalimu mkuu amesimamishwa kazi kwa kueneza uzushi. Ushahidi uliobandikwa ulikuwa muhuri wangu.

"Simu ya pili ulimpigia nani?"

"Sikumpigia mtu."

"Mwosha huoshwa," akasema, akaenda zake.

Nikafunga safari mwenyewe hadi shuleni. Nilimkuta mwalimu mkuu, mzee wa watu, darasa la nne, anapanga vitabu vyake kwenye boksi. Watoto walikuwa wanasomea nje. Nikajitambulisha. Nilitamani anitukane, walau nami nipate la kujibu.

"Karibu," akasema. "Ile picha niliiweka mimi, mwaka ule ukuta ulipopasuka. Ni ya zamani, mwanangu, kwa sababu ufa ni wa zamani. Nimewaandikia wakubwa kila muhula."

Akanipa nakala za barua. Kumi na tano. Kila moja ina muhuri wa ofisi ya elimu: IMEPOKELEWA. Ofisi ile ile niliyoiamini kwa simu moja.

"Sasa mwalimu, kwa nini ulipanda jukwaa moja na mwongo yule?" Bado najitetea, jamani, mtu mzima hovyo.

"Niliwaandikia nyinyi kwanza, hapo gazetini. Mara mbili. Hamkunijibu."

Aibu ikanishuka mwili mzima. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikanyoosha mkono nitafute pa kujishikiza.

Mzee akaudaka upesi.

"Usiegemee hapo, mwanangu," akasema kwa upole. "Huo ukuta utakuangukia."