Ya Tisa Kwenye Foleni

Karani wa vizazi na vifo aliniona kabla sijafika dirishani kwake. "Fundi, Mungu amekuleta," alisema. Kisha akaona karatasi ya wodini mkononi mwa baba mdogo wangu, akameza maneno yaliyofuata. Baadaye akanipa pole, akisema hakujua. Nikamjibu asante. Tangu alfajiri nilikuwa nimesema asante mara nyingi mpaka neno lenyewe limebaki ganda.

Baba alifariki saa kumi na moja alfajiri, wodi ya wanaume, katika hospitali hiyohiyo ninayotunza kompyuta zake. Baba mdogo ni seremala. Aliunga jeneza asubuhi hiyo, na vumbi la mbao lilikuwa bado kwenye nyusi zake. Mazishi yalipangwa saa nane mchana. Gari lilikuwa tayari nyuma ya chumba cha maiti, lakini mlinzi hafungui geti bila kibali cha mazishi, na kibali sharti kichapwe, kisha msajili akitie sahihi. Ilikuwa Jumamosi. Jumamosi msajili huondoka saa sita kamili, mvua inyeshe jua liwake. Saa ya ukutani ilisema saa tano na nusu.

Kwenye benchi la korido walikaa watu kumi au zaidi. Mama mmoja alikuwa na kichanga cha siku mbili. Mzee mwenye fimbo alikuwa akimweleza jirani yake kwamba printa imegoma tangu asubuhi, na kwamba hata yeye angegoma kama angefanyishwa kazi na watu wale. Wachache walicheka. Karani alituma kibali cha Baba kichapwe, kisha akasema kompyuta yake inamwambia kila karatasi imetumwa, ila haitoki kitu. Kwa hiyo alikuwa akibonyeza tena. Ndivyo wanavyofanya pale ofisini: isipotoka, bonyeza tena, labda haikusikia. Kila mtu alibonyezewa mara tatu, wengine mara nne.

Aliniuliza kwa sauti ya chini kama ningeweza kutazama, au amtafute mtu mwingine. Hakukuwa na mtu mwingine. Nikaingia ndani, nikaketi kwenye kiti chake. Ukweli ni kwamba niliona afadhali kuketi mbele ya kitu ninachokijua.

Nilifungua dirisha jeusi la amri, lile lisilo na picha wala vitufe, nikaandika lpstat -o. Hiyo ni amri ya kuuliza nani yuko kwenye foleni ya kuchapa. Mistari ikashuka: namba ya kazi, jina la aliyetuma, ukubwa, saa. Kazi thelathini na nne. Hakuna mahali palipoonyesha ipi ni ya kuzaliwa na ipi ni ya kufa. Niliitazama mistari ile kama mtu anavyotazama mvua inayonyesha kwa jirani.

Kisha nikauliza hali ya printa yenyewe. Jibu lilikuja mistari miwili. Wa kwanza ulisema imesimamishwa tangu jana, saa kumi na dakika arobaini. Wa pili ulikuwa sababu, kama ilivyoandikwa na aliyeisimamisha: "Nabadilisha rola. Nakuja sasa hivi."

Niliusoma mara mbili. Ni mimi niliyeandika.

Jana yake nilikuwa nimepiga magoti mbele ya printa ile, rola mpya ya kuvutia karatasi mkononi, simu ikaita. Muuguzi alisema hali ya Baba imebadilika, nipande juu. Niliisukuma rola mahali pake, nikafunga mfuniko, nikapanda. Sikurudi. Usiku kucha nilimshika mkono, na huku chini mashine ilikuwa ikiendelea kupokea kazi za watu na kuzishikilia, kama nilivyoiamuru.

Mwaka juzi, nilipohitimu, nilimwambia Baba kwamba mahali nitakapofanya kazi hakuna mtu atakayekaa kwenye benchi kwa sababu ya mashine. Bado naamini inawezekana. Lakini dakika ile sikuhisi aibu wala huzuni. Niliona tu kwamba kuna kazi, na kazi ina mpangilio.

Nikamwomba karani afungue daftari lake. Alisoma, nami nikafuta zilizorudiwa, moja baada ya nyingine, nikimwacha kila mtu na karatasi yake ya kwanza. Thelathini na nne zikawa kumi na moja. Baba alikuwa wa tisa; wawili walifika baada yetu.

Baba mdogo aliinamia dirisha. Alikuwa akiangalia saa.

"Yetu ni ya ngapi, mama?" Huniita hivyo tangu utotoni.

"Ya tisa."

"Huwezi kuisogeza mbele?"

"Naweza. Ni mstari mmoja tu."

Nikaendelea kuitazama skrini.

"Sasa?"

"Printa niliisimamisha mimi, baba mdogo. Jana, waliponiita. Hawa wote wamekaa hapa kwa sababu yangu."

Nilisema kwa sauti ya kawaida, na korido ilikuwa kimya, kwa hiyo wote walisikia. Mzee mwenye fimbo alikohoa. Mama wa kichanga alimhamishia mtoto bega la pili. Nilidhani mtu angenitukana.

Baba mdogo alinitazama kama anavyotazama ubao uliopinda. Kisha akaondoka dirishani, akaenda kwenye mlango wa msajili, ambaye alikuwa ameshavaa koti. Nilimsikia akimwambia kwamba mlango ule umening'inizwa vibaya, ndiyo maana unakwaruza sakafu, na kwamba akipewa dakika chache tu atauweka sawa, bure. Alitoa bisibisi mfukoni. Msajili, ambaye pengine aliusukuma mlango ule kwa bega kila siku, akaketi tena.

Nikairuhusu printa. Ilinguruma, ikapata joto, ikatoa karatasi ya kwanza. Ni mashine ya zamani. Kila karatasi huichukua zaidi ya dakika moja. Karani aliita watu, wakapita mmoja mmoja kwa msajili, wakiruka miguu ya baba mdogo, aliyekuwa sakafuni akifungua bawaba ambayo, kwa fundi kama yeye, haikuhitaji muda wote ule. Saa sita ilipopiga, wa saba alikuwa akitiliwa sahihi. Msajili aliangalia saa, akaangalia mlango wake ulioegemezwa ukutani, akaomba karatasi inayofuata.

Ya tisa ilipotoka niliichukua mwenyewe. Niliigeuza kwenye mwanga. Wino umeshika sawasawa, ukingo umenyooka, rola mpya haijaacha alama. Nikampelekea baba mdogo. Alijifuta mikono kwenye suruali kabla ya kuipokea.

"Jina wameliandika sawa?" aliuliza.

Nilikuwa nimekagua kila kitu isipokuwa jina.

Akanirudishia karatasi. "Lisome, mama. Taratibu. Bado nina bawaba moja."