Msiba wa Mlipuko Mfupi

Usiku wa kuamkia leo niliota nimekaa ofisini, Mlipuko akaingia bila kubisha hodi.

"Nimekufa," akasema. "Naomba mnitafutie kwetu, nikazikwe."

Nilimtambua mara moja. Kazi yangu ndiyo hiyo: angani ukimulika mlipuko wa miale ya gama usiofikisha hata sekunde mbili, natafuta galaksi ulikotoka, yaani mwenyeji wake. Sikuwahi kudhani marehemu angekuja mwenyewe. Alikuwa amebaki mng'ao tu kwenye kiti cha wageni, na kila akivuta pumzi alififia.

"Fanya haraka, Daktari Mchomvu," ikasema darubini kutoka dirishani. "Akizimika, tutamzika kwa watu baki."

Bosi wangu, Profesa Kokuhirwa, anatoa futi kamba mkobani, anapima kutoka kwa marehemu hadi ukutani. Ukuta haupo. Tuko chini ya turubai la msiba, na galaksi wameketi kwenye viti vya plastiki.

Galaksi mdogo wa buluu, aliyekaa ubavuni kwa marehemu, analia kuliko wote. "Mwanangu! Mwanangu mie!"

"Mama yake huyu hapa," anasema Profesa. "Yuko karibu, tena anang'aa. Tuzike."

"Profesa, huenda ni viti tu vimekaribiana."

"Basi angalieni nguo," darubini inadakia.

Shati la marehemu lina rangi za upinde wa mvua, na mistari myeusi iliyosogea yote upande wa wekundu. Kadiri mtu anavyotoka mbali, ndivyo mistari yake inavyosogea zaidi. Ya gauni la yule wa buluu ni kama haijasogea.

"Mama, wewe ni wa mtaa huu huu," nikamwambia. "Huyu katoka mbali mno."

Akafuta machozi. "Mimi nilikuwa nasaidia tu kulia."

Marehemu sasa ni kama njiti ya kiberiti inayoisha. Nakimbia kati ya viti, nakagua nguo za waombolezaji mmoja mmoja. Nyuma kabisa, kupita masufuria, ameketi galaksi mzee, mkubwa, wa manjano. Mistari ya kanzu yake imesogea sawasawa na ya marehemu.

"Shikamoo, mzee. Unamfahamu yule?"

"Marahaba. Simfahamu." Kisha akatazama vizuri. "Walikuwa nyota wawili. Waliondoka kwangu kwa kishindo, huku wakizungukana, hata kwaheri hawakusema. Nikawaambia majirani kwamba hawafiki mbali."

"Wamefika mbali, mzee. Huko ndiko walikogongana, wakawa huyu mmoja."

Mzee akasogea kwenye kiti, akaacha nafasi.

"Mleteni."

"Kumbe yupo," akasema marehemu, akacheka, akazimika.

Tunamzika palepale. Zamu yangu inafika, nachota udongo kwa mkono. Ni mzito, wa manjano, maana nyota waliokufa kwa kugongana huacha dhahabu. Naurusha kaburini. Yule wa buluu analia tena, safari hii kwa sauti ndogo.

Nikaamka. Mke wangu, Nakiete, alikuwa ameushika mkono wangu, anautazama kwenye mwanga wa dirisha.

"Ulishika binzari?"

Chini ya kucha zangu kulijaa vumbi la manjano linalometameta. Akajaribu kulifuta kwa kidole, halikutoka.

"Nimetoka msibani," nikasema.

"Pole, baba Eliewaha. Kwa nani?"

Nikamwambia ni kwa galaksi mzee wa manjano, na nikamwelekeza njia, kupita masufuria.